Ufunguo wa Tanuri na Gunia la Soya

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Niandike kabla haijanitoka kichwani.

Shangazi katutangazia leo mchana, mimi na Kipimo, baada ya mikate ya mwisho kutoka. Alikaa kwenye kigoda chake mbele ya tanuri, akafuta mikono kwa aproni, akasema amechoka. Miaka thelathini na minne ya kuoka inatosha. Jumamosi hii anatoa ufunguo wa duka. Ule ule anaouvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, unaofungua mlango, ghala na tanuri lenyewe. Ama atanipa mimi, mtoto wa marehemu kaka yake, niliyekulia humu humu kati ya magunia. Ama atampa Kipimo, ambaye si ndugu wa mtu, ila kakanda unga hapa miaka tisa bila kukosa siku hata moja. Hilo nalo la kujivunia? Hata mlango haujakosa siku.

Masharti ni mepesi. Kila mmoja amwokee mkate mmoja anaoujua yeye. Mkate utakaomfurahisha, mwenye mkate ndiye mwenye ufunguo.

Kipimo akasema sawa, akaendelea kuosha jagi lake. Jagi la plastiki, kalichora mistari ubavuni kwa msumari. Maji mpaka mstari huu, mafuta mpaka mstari ule. Ndiyo sababu tunamwita Kipimo. Hana ndoto hata moja yule mtu, sijui analala vipi.

Mimi nilibaki nimesimama. Jua la saa kumi lilikuwa linaingia dirishani na vumbi la unga linaelea ndani yake, taratibu, bila haraka ya kutua. Nikajiona na ufunguo shingoni. Nikauona mkate wangu unaumuka, unapita ukingo wa kopo, unasukuma mlango wa tanuri, unaenda kugusa dari. Mtaa mzima umeushika kwa kamba usipae! Nilipozinduka, Kipimo alikuwa ananiomba, kwa upole wake ule wa kuudhi, nitoe mguu kwenye ndoo ya hamira.

Halafu ikaja ishara. Kipimo kanunua misumari ya kutengenezea rafu, imefungwa kwenye gazeti. Nikachana nusu ya gazeti nifutie kiatu. Jicho likatua kwenye maandishi: “Unga wa soya una protini nyingi. Hufanya mkate ubaki laini kwa siku kadhaa, na waokaji hodari huutumia badala ya unga wa ngano hadi”.

Hapo ndipo nilipochana.

Hadi! Hadi wapi? Nimefikiri njia nzima kurudi nyumbani. Ni wazi kabisa. Hadi mwisho. Sentensi kama ile haina pa kwenda pengine.

Jumanne, 5 Machi

Soya nimeipata kwa Mama Vifaranga, anayeuza chakula cha kuku kona ya pili baada ya duka letu. Ana soya nzuri, safi, anaisaga mwenyewe. Alipopima akaniuliza nina kuku wangapi. Sikutaka siri yangu itembee mtaani. Nikasema arobaini. Sijui kwa nini arobaini. Akafurahi mno, akaniuliza kama wanataga vizuri. Nikasema wanajitahidi.

Gunia nimelificha ghalani nyuma ya pipa la sukari, kwa akili sana.

Kipimo alipotoka kupeleka mikate hospitalini, nikapata saa yangu. Soya tupu! Ngano hata chembe. Nikaweka hamira, maji, chumvi, nikakanda. Donge lisilovutika. Nilikuwa nikilivuta linakatika, nikiliacha linalala palepale lilipo kama lenye kesi moyoni. Nikalifunika kitambaa, nikakaa karibu nalo lisijisikie vibaya. Joto la tanuri mgongoni, harufu ya hamira, nzi mmoja anazunguka. Nikaota niko ndani ya mkate, kuta laini pande zote, na mtu anagonga nje kwa heshima akiomba kuingia.

Aliyekuwa anagonga ni mteja. Kaondoka bila kuhudumiwa.

Donge halikupanda hata unene wa kucha. Nikalioka hivyo hivyo. Lilitoka limenyooka, zito, linanuka maharage mabichi. Nikalipeleka nyumbani ndani ya koti.

Mke wangu ni fundi wa kushona, na mdomo wake unakata kuliko mkasi wake. Alilipima kwa mkono mmoja, akaniuliza limetoka machimbo gani. Nikamweleza juu ya protini. Akasema Bwana Mipango, protini nimeisikia, mkate uko wapi? Kisha akaliweka juu ya karatasi zake za kukatia vitambaa, zisipeperuke. Anasema halijawahi kutokea jiwe lililotulia vile. Sasa hataki kulirudisha.

Sikuvunjika moyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jumatano, 6 Machi

Niandike kuhusu duka lenyewe, kwa kuwa ndilo silaha yangu.

Duka letu halina saa. Shangazi hana imani na saa. Mkate una uso, anasema, na uso unasomwa. Mlango wa tanuri una kitundu, ukubwa wa sarafu. Tangu mwaka jana kazi ya kuchungulia ni yangu. Shangazi anakaa kigodani, macho yake kafumba, ananiuliza, “Uso ukoje, mwanangu?” Nami namsimulia. Mwanzo ni rangi ya pamba, Shangazi. Sasa ni rangi ya mchanga mkavu. Sasa pembeni panaona haya kidogo. Sasa ni rangi ya asali. Hapo anasema toa, nami natoa. Ni mtihani tu. Anajua rangi kuliko mimi, anataka kuona kama nazijua. Mara nyingine ananiambia nirudie, hasa ile ya kuona haya. Anatabasamu. Nadhani maksi zangu ni nzuri.

Kipimo, ikifika zamu yake, hachungulii kabisa! Anakaa na kuimba kwa pua wimbo ule ule wa shule ya msingi, mara kumi na mbili, kidole kinahesabu. Ya kumi na mbili ikiisha anautoa mmoja, anaugeuza, anagonga matako yake na kuweka sikio. Eti ukilia kama mlango wa nyumba tupu umeiva. Mtu mzima, anaongea na matako ya mkate.

Leo nikajaribu kidogo kumharibia. Alipofika wimbo wa saba, nikaanza kuimba wimbo mwingine kwa nguvu. Akanyamaza. Akanitazama. Akaanza upya kutoka wimbo wa saba. Alikuwa ameweka mbegu za maboga mfukoni kuhesabia! Mtu wa hila namna hii apewe ufunguo?

Jioni nimemuuliza mke wangu kwa mzunguko kwa nini donge lilinuka maharage. Akasema soya ni ndugu ya maharage, na maharage hayaliwi mabichi. Kwa hiyo leo nimekaanga unga kwenye sufuria kavu, moto mdogo. Jamani! Harufu ilijaa nyumba nzima, kama karanga zinazokaangwa nyumba ya jirani na wewe ndiye umealikwa. Watoto wakaja mmoja mmoja kusimama mlangoni. Sote tukakaa tukinusa. Nilisahau kukoroga. Nusu imeungua, lakini nusu iliyobaki ni dhahabu; kesho nairudisha mafichoni nyuma ya pipa la sukari.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefaulu.

Leo nusu soya ya kukaanga, nusu ngano, maana ngano nayo ina jamaa zake. Si kwamba nimerudi nyuma. Nimeipa tu nafasi ya kuaga. Donge likakubali. Likapanda kiasi, kwa adabu. Nikalitia tanurini Shangazi akiwa nje anaota jua na Kipimo hayupo.

Nikaweka jicho kwenye kitundu. Pamba. Mchanga. Na kabla sijakaa vizuri, asali! Asali kabisa, inang'aa! Mkate wa ngano huchukua nyimbo kumi na mbili za Kipimo. Huu wangu nadhani hata sita haukumaliza. Nimegundua mkate wa haraka! Kuni nusu, jasho nusu, na protini juu. Nikauweka rafuni. Nikarudi nyuma hatua tatu kuutazama. Ulikuwa mzuri mpaka nikaona aibu kuuacha peke yake.

Sikuukata. Sheria ya Shangazi: mkate wa moto haukatwi, uachwe upumzike. Nikapumzika nao. Nikalala juu ya magunia, unga ukiniangukia usoni polepole kutoka darini. Nikaota niko tanurini natazama nje kupitia kitundu, na jicho la Shangazi linanitazama ndani, anauliza uso ukoje. Nikataka kumjibu nikakosa rangi.

Nilipoamka mkate haupo. Kipimo kauuza! Mama Vifaranga kapita, kauona unang'aa, kautaka. Kipimo akasema aliniita mara mbili nikamjibu, “Asali.” Akadhani ni ruhusa.

Haidhuru. Siri imebaki siri.

Jambo moja. Mchana Shangazi alimimina chai nje ya kikombe, akaendelea kumimina. Nikamshika mkono. Akacheka, akasema kikombe siku hizi kinahamahama. Uchovu. Ndiyo maana apumzike, na mimi nishike ufunguo. Nampenda sana yule mama. Aliniosha masikio mpaka nina miaka kumi na mmoja.

Ijumaa, 8 Machi

Mama Vifaranga kanikamata njiani. Kwanza kauliza kuku. Nikasema thelathini na tisa. Sijui kwa nini nilimuua mmoja, nadhani ili nisikike mkweli. Akahuzunika, akanipa dawa ya kuchanganya na maji, ikabidi niipokee. Ameahidi kuja kuwaona.

Kisha akasema ule mkate alionunua kwetu jana, kwa nje ulikuwa bibi harusi. Alipoukata katikati kulikuwa na uji. Uji kabisa, umeshika kisu. Akawapa kuku wake. Nikamuuliza kuku wamesemaje. Akasema walimaliza wote.

Nimelitafakari njia nzima. Kuku walimaliza wote! Na kuku ni wagumu kuridhika. Ama hilo la uji, yeye ni mtu wa pumba, anajua nini kuhusu mkate? Labda kisu chake kilikuwa na maji.

Nimempa mke wangu habari ya kuku kumaliza mkate wote. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, hakuinua macho. Akasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo si yake, kwa nini nisimwokee Shangazi mkate wa kawaida. Ule wa kila siku. Akasema Shangazi anakupenda wewe, haupendi mkate. Anatafuta kisingizio tu cha kukupa.

Nikamwambia ufunguo wa kisingizio siutaki. Nataka aulize huu ni mkate gani jamani, na mimi niseme ni wangu. Mwaka wa arobaini na mbili huu, na sijawahi kuulizwa. Nilitengeneza kifaa cha kufukuza mbu, kikaleta mbu. Nilipanda uyoga chini ya kitanda, tukahama chumba. Mara moja tu, kabla yule mama hajafunga duka, nataka kumwonyesha kwamba alimlea mtu.

Mke wangu akasema haya. Akanifungia aproni mpya, kaishona kimya kimya wiki hii. Ina mfuko mdogo kifuani, wa kuwekea ufunguo. Nilitoka nje kidogo, macho yalikuwa yananiwasha.

Mpango wa kesho: kama nusu soya imewahi vile, robo tatu itawahi zaidi. Nitaongeza mayai sita na sukari ya kutosha. Mama Vifaranga kaniuzia mayai huku akishangaa mwenye kuku thelathini na tisa anunue mayai. Nikasema wangu wako likizo.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nimekaa ghalani. Unga umelowa mahali nilipokuwa nimeinamisha uso. Niandike kwa mpangilio.

Kipimo alianza. Mkate wake ulionekana wa kawaida, mrefu, umefunikwa kitambaa safi. Ukaingia. Wangu ukaingia pembeni yake, kopo zima, na mayai yameupandisha kama kifua cha mtu aliyevishwa nishani. Shangazi akakaa kigodani. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na futi yake shingoni. Kipimo akaanza kuimba kwa pua.

Shangazi akasema, “Uso ukoje, mwanangu?”

Sijawahi kusimulia vile maishani mwangu. Nikamwambia wa Kipimo bado ni pamba. Ila wangu, Shangazi, wangu umeamka. Umevuka mchanga bila kusimama. Sasa ni rangi ya mbao za mlango wa nyumba ya babu mvua ikipita. Sasa ni jua la saa kumi linapogusa meza ya kukandia. Sasa ni asali, Shangazi, ile ya chini ya chupa, nzito. Machozi yalimtoka. Akasema, toa.

Kipimo akaacha wimbo, akaninong'oneza kwamba bado kabisa, ndiyo kwanza wimbo wa tano. Wivu! Nikatoa.

Harufu ikajaa duka. Shangazi akasema mkate huu uusubiri wa mwenzake, ipumzike pamoja. Tukasubiri. Kipimo akamaliza nyimbo zake, zilikuwa kumi na nne leo, na moto kaupunguza kwa kuvuta makaa pembeni, akagonga matako, akaridhika. Ikapita saa nzima. Vumbi linaelea. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi, kwa kuwa ndani yake mimi nilikuwa nimeshashinda.

Shangazi akakata wangu mwenyewe. Kisu kikaingia ganda, kra! Kisha kikazama. Hakikutoka sauti tena. Alipokivuta kilikuja na kitu kizito, cha njano, kinateleza mpaka kwenye mikono yake, mpaka kwenye aproni, tone moja kwenye kandambili. Na katikati ya mkate pakashuka taratibu, pakawa shimo.

Nikasema labda ni kisu.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Shangazi akagusa ule uji kwa kidole, akauonja. Akauliza mkate ulikuwa rangi ya asali kweli? Nikamwapia. Akasema anaamini, mimi nilisema kweli, mkate ndio uliosema uongo.

Akakata wa Kipimo. Ulikatika kama mto wa kulalia. Laini, na harufu ile ya karanga za jirani! Nikaijua! Akala, akala tena, akauliza huu ni mkate gani jamani. Swali langu! Kipimo akainamisha kichwa, akasema ni ngano sehemu tatu na soya sehemu moja, soya ya kukaanga aliyoikuta ghalani nyuma ya pipa la sukari. Akadhani nimeileta kwa ajili ya duka, kwa hiyo sifa za soya ni zangu, yeye alipima tu. Kipimo alijuaje? Akaenda kwenye kopo la misumari, akatoa nusu ya gazeti. Nusu ile nyingine! Imekaa kwenye rafu wiki nzima, usawa wa pua yangu. Akasoma: “robo yake tu, kwani soya haina ule mnato wa ngano unaoshika hewa na kuinua mkate. Moto upunguzwe, maana soya hukimbilia rangi ya kahawia kabla ndani hakujaiva. Mwokaji asiitazame rangi.”

Asiitazame rangi! Katika nyumba ambayo haina kingine cha kutazama!

Hapo Shangazi akatuita karibu. Akasema rangi hajaziona mwaka mzima. Kwanza zilififia, kisha zikaenda. Anaona mwanga, anaona mtu amesimama, basi. Hakumwambia yeyote asije akafungiwa nyumbani. Akasema mtihani haukuwepo hata siku moja. Alikuwa ananiuliza kwa kuwa alikuwa hajui. Mikate yote ya mwaka huu kaiona kwa mdomo wangu, na hakuwahi kuiona mizuri vile hata alipokuwa na macho.

Nililia. Nililia mbele ya Kipimo, na sijali.

Akasema moyo wake ulikuwa unataka kunipa mimi ufunguo, tangu Jumatatu ulikuwa unataka. Lakini mkate unaliwa na watu, watoto wa watu, wagonjwa hospitalini. Akaivua kamba ya kiatu, akamvisha Kipimo. Kipimo naye macho yakamlowa, akasahau alikuwa amesimama wapi, akakanyaga ndoo ya hamira.

Mimi akaniomba kitu kimoja. Niweke kigoda cha pili kando ya chake. Niendelee kumwambia uso ukoje. Kipimo aimbe, mimi niseme. Nikasema ndiyo, Shangazi.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala mpaka mchana. Mke wangu hakunisema hata neno. Kwenye ule mfuko mdogo wa aproni katia kijipande cha chaki ya kushonea, eti mfuko usikae mtupu, unajisikia vibaya. Nimekaa nao mlangoni kwa fundi wangu, cherehani inakwenda, watoto wanarushiana vifungo. Nikaota Shangazi ameona. Ameona rangi zote kwa mara moja, anazitaja moja moja, na mimi ndiye niliyefumba macho.

Nimejifunza mengi wiki hii. Sitaandika yote. La kwanza: haraka haraka haina baraka. La pili: kabla ya kufanya jambo lolote, soma habari mpaka mwisho. La tatu nimelisahau, lilikuwa zuri.

Mama Vifaranga kaja kuwaona kuku. Mke wangu kamwambia wametoka.

Jumatatu, 11 Machi

Kigoda cha pili kipo. Ni kizuri, kina mguu mmoja mfupi, kinakubembeleza kama mtoto. Nimekaa na Shangazi bega kwa bega mbele ya tanuri, Kipimo akakanda, ufunguo unagonga jagi lake kila akiinama. Nilidhani utaniuma mlio ule. Uliniuma mpaka trei ya pili hivi.

Shangazi akauliza uso ukoje. Nikaanza. Pamba, mchanga, haya. Akaniambia rudia haya. Nikarudia. Nikaongeza rangi ya wingu lililosahauliwa nje, ya ngozi ya mtoto aliyeamka usingizini. Akaegemea bega langu. Nikaendelea, kahawia ya udongo wa bustani, kahawia ya viatu vya marehemu kaka yako, Shangazi, unavikumbuka? Anavikumbuka. Tukavizungumza sana. Nyeusi ya kisigino chake, nikasema. Kipimo akaja mbio na beleshi. Trei nzima mkaa! Alikuwa ameniachia atoke kidogo kulipokea gunia la ngano, nyimbo tano tu zilikuwa zimebaki. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Kipimo hakucheka, ila aliniletea chai, na kidole cha Shangazi akakiweka ukingoni mwa kikombe ajue mwisho uko wapi. Si mtu mbaya. Hana ndoto tu.

Halafu sasa. Wakati nangoja chai ipoe, nikaitoa nusu yangu ya gazeti mfukoni, niitupe. Nikaigeuza. Nyuma yake kuna habari nyingine ambayo wiki nzima sikuiona!

“Nyuki wanaweza kufugwa hata juu ya paa la duka, bila hatari yoyote kwa majirani wala wateja, mradi tu mfugaji asi”.

Hapo pamechanika.

Asali! Asali halisi! Shangazi ataionja rangi kwa ulimi. Asali juu ya mkate, mkate juu ya meza, na juu ya paa letu mlio ule wa kulaza usingizi mchana kutwa. Nimeshaiona mizinga yenyewe, myeupe, imepangwa mitano, na mtaa mzima umeinua nyuso kuitazama.

Nusu ya pili ilikuwa kwa Kipimo, kwenye kopo la misumari. Kwa bahati mbaya ndiyo niliyowashia tanuri leo asubuhi, kwa hasira kidogo, kabla ya kuzoea mlio wa ufunguo. Haina shida. Mfugaji asi nini? Asichelewe, bila shaka.

Mama Vifaranga anamjua mtu mwenye nyuki. Naanza Jumatano.